YAH: MAMA YANGU KUSHUSHWA KWENYE TOPE LA MTO LUKULEDI

Kwa Meneja,

Salamu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya safari zenu za boti mnayajua, ninyi ndio mlioyaandika, kwa hiyo siyarudii. Naandika kwa heshima, ingawa mama yangu heshima hiyo hakuipata kwenu.

Boti ilikwama kwenye mikoko tukiupanda mto. Mwongozaji wenu akamgeukia mama, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akamwambia: "Bibi, shuka wewe, ndiye mzito." Mbele ya wajukuu zake. Akashuka. Tope likamfika magotini.

Na kukwama kwenyewe hakukuwa na sababu. Ilikuwa bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Lindi siku hizo maji hujaa alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi yameshapwa, tope liko wazi. Ndiyo maana mlituandikia kuondoka saa kumi na mbili. Tuliondoka saa mbili na nusu, eti nahodha anasubiri petroli! Mama ni mzaliwa wa Kitunda, hapo ng'ambo ya Lindi mjini tu. Kabla hatujapanda aliwaambia, "Wanangu, maji yanakimbia, hatufiki." Akajibiwa kwamba kazi hii wanaijua wao. Majaketi ya kujiokolea nayo hayakutosha, wanangu walikaa bila.

Narudia la kushushwa kwa sababu ndilo linaloniuma. "Bibi, shuka wewe, ndiye mzito," na vijana wenye nguvu zao wamekaa. Mama aliomba bega la kushika, hakupewa. Khanga yake ikabaki topeni. Chaza wa kwenye mizizi ya mikoko wakamchana unyayo. Mwongozaji wenu yuko juu, anacheka, anampiga picha kwa simu. Mimi nilikuwa upande wa pili nasukuma boti. Nilipozunguka nilimkuta mama analia. Toka hapo tulikaa juani hadi maji yalipoanza kurudi, maji ya kunywa yameisha.

Naomba mrudishe nauli ya mama. Tena si yake peke yake, ya familia nzima, pamoja na gharama za kushonwa kidonda. Picha zifutwe. Barua ya kuomba radhi msijisumbue kuiandika: huyo kijana aje Kitunda, akae mkekani, amwombe mama radhi kwa kinywa chake, na wewe Meneja uwepo.

Nawapa siku saba. Zikipita, suala la majaketi nalipeleka TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, la fedha nalipeleka Tume ya Ushindani, inayotetea walaji. Risiti ninayo, na abiria wenzangu wako tayari kutoa ushahidi. Picha ya mama ikionekana mtandaoni hata kesho, hizo siku saba hazipo tena, naanzia polisi.

Wenu,
Mteja, Shangani, Mtwara