Barua kwa mwanangu: vitabu vyako nimevimaliza, kasoro kimoja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Vitabu vimefika, ila kwenye buti la basi vililazwa chini ya ndoo ya samaki ya mtu. Nagona cha Kezilahabi ndicho kilicholowa zaidi. Nimekianika uani siku mbili, kurasa zimevimba kama maandazi na harufu ya vibua haijatoka. Sikufichi, hata kingefika kikavu kingenishinda. Chembamba vile, nimekianza mara tatu na mara zote tatu nimepotea njiani. Wasomi wanakisifu, sibishani nao. Rosa Mistika ilinitoa machozi. Hiki njoo ukichukue mwenyewe.

Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi nilikimaliza kwa siku nne, na wali ukaungua. Kijana wa Unguja anatafuta njia ya kwenda kusoma Ulaya, anapita Uganda, Sudan, Misri. Bwana yule anajua kusimulia, utadhani mmekaa naye barazani.

Sasa Peponi. Uliniambia kwenye simu kuwa kinakwenda pole mno. Mimi kimeninyima usingizi. Gurnah alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na sisi tunaosimuliwa humo tukangoja mpaka 2022, keshapata Nobel, ndipo Ida Hadjivayanis akatutafsiria. Kazi ameifanya: kuna kurasa nilisahau kabisa kwamba kilianza kwa lugha nyingine.

Unamkumbuka Yusuf na sarafu yake ya anna kumi? Kila tajiri Aziz akija kwao na kuaga humpa moja, na mtoto anaingoja kwa hamu. Kumbe baba mtu anadaiwa, na mtoto mwenyewe ndiye rehani. Mpaka afike dukani kwa Aziz ndipo Khalil, kijana wa pale dukani, anamfumbua macho kwamba tajiri yule si ndugu yake. Hapo nilivua miwani. Sijapata kukusimulia, lakini nami nilipelekwa kwa watu nikiwa na miaka kumi, nikaambiwa nakwenda kusoma. Kusoma nilisoma, baada ya kufua nguo za nyumba nzima. Siku naondoka nilipewa kanga mpya, nikafurahi mno. Kwa hiyo huo upole unaoulalamikia mimi naujua: mtoto wa namna ile siku zake haziendi mbio.

Mzee Hamdani wa bustanini sikukubaliana naye. Alipopewa uhuru na bibi yake alikataa, kwamba yule mama hana uwezo wa kutoa kitu kisicho chake. Maneno mazuri, lakini akaendelea kumwagilia miti ya wenyewe mpaka uzeeni.

Mwisho wa kitabu ndipo mimi na wewe tumekutana. Yusuf anatoka mbio kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani, haya, ni mwanamume, ana pa kukimbilia. Amina, mke mdogo wa Aziz, je? Anaachwa mle mle ndani ya ukuta, na Gurnah anafunga kitabu. Hilo sijamsamehe.

Mama yako