Kinga ya saji ipo kwenye paneli na kadi bado zinaungua? Angalia waya za signali

Saji ni volteji inayoruka juu ghafla kwa muda mfupi sana, na msimu wa mvua simu zinazotufikia zinafanana: "Fundi, kinga ya saji ipo, kidirisha chake bado cha kijani, ila kadi ya PLC imeungua tena." PLC ni ile kompyuta ndogo ya paneli inayoendesha mitambo, na kwenye kadi zake ndipo waya za sensa zinapoingia. Na mteja ana haki ya kukasirika, maana kanunua kile alichoambiwa anunue.

Sasa tukifungua paneli mara nyingi upande wa umeme mkubwa uko safi kabisa, breka nzima, pawasaplai nzima, ila kadi ya analogi ina chaneli mbili zimekuwa nyeusi na harufu bado ipo, ukifuata waya wake unatoka nje ya jengo unaenda mpaka kwenye sensa ya tangi huko mbali. Saji haikupita kwenye umeme wa kawaida, imepita kwenye kale kawaya kembamba ka 4-20 mA, yaani kanakobeba kipimo cha sensa kwa mkondo mdogo, ambako hakuna mtu alikafikiria.

Radi haihitaji kupiga huo waya wenyewe. Ikipiga ardhini karibu tu, kebo ndefu inadaka volteji yake, alafu ethi ya upande wa tangi inapanda juu kuliko ethi ya upande wa paneli, pengine kwa maelfu ya volti, na kinachounganisha pande hizo mbili ni waya wa signali. Kadi ya volti 24 itafanya nini hapo? Mota kubwa na kontakta zikizimwa nazo zinarusha saji, ndogo ndogo lakini kila siku.

Tafadhali usichukue kinga ya umeme wa volti 230 ukaifunga kwenye signali. Ile inaweza kuachia zaidi ya volti 1000 zipite na bado ikawa inafanya kazi yake sawasawa. Ya signali imetengenezwa tofauti, ndani ina dayodi, rezista na kichupa cha gesi: dayodi inawahi kushika kwanza ila haina nguvu ya kubeba mengi, mkondo ukizidi volteji inajengeka kwenye rezista mpaka kichupa kinawaka na kubeba mzigo mzito kwenda ethi. Na inawekwa pande zote mbili, kwenye paneli na kule kwenye sensa, upande mmoja tu ni kumwacha mwenzake wazi. Kwa RS-485, yaani waya za kutumiana data kati ya vifaa, chagua yenye kapasitansi ndogo (uwezo wa kuhifadhi chaji) la sivyo data zitaanza kukatika.

Kitu kingine ni waya wa ethi, hapa ndo tunaumia sana. Kuna paneli tulifungua fundi aliyetangulia alikuwa msafi kweli, waya kauviringisha vizuri akaufunga na tai, karibu mita moja na nusu. Kwa saji ya kasi, mita moja ya waya inaweza kuongeza kama kilovolti 1 juu ya ile ambayo kinga inaachia! Waya za kinga ukizijumlisha zisizidi nusu mita, zinyooke, usiviringishe.

Kile kidirisha cha kijani kinakwambia tu kinga ya umeme haijafa, hakijui chochote kuhusu signali.

Kwahiyo ukitaka tukusaidie tutumie picha ya paneli mlango ukiwa wazi, na orodha ya kila kebo inayotoka nje ya jengo, hata ile ya kamera na ya mtandao, pamoja na urefu wake.