"Ni kifungo tu": kwa nini tunakilipisha kama kazi

Juzi mteja kaondoka amenuna. Alileta mkufu wa mrija, yaani wa shanga zilizofumwa zikawa kama bomba jembamba, kifungo cha kuunganishia ncha zake kimechomoka, akataka tukirudishie hapo hapo akisubiri. Nilipomtajia bei akaniuliza kama kifungo chenyewe ni cha dhahabu. Si wa kwanza, wala si wa pili mwezi huu, kwa hiyo acha nieleze mara moja.

Mkufu wa mrija hautungwi, unafumwa. Hakuna uzi mmoja uliopita katikati ambao ukikatika unapiga fundo na kuendelea na safari. Mrija wa peyote, mshono ambao shanga hupishana kama matofali ya ukuta, wenye shanga 12 kwa mzunguko na urefu wa sentimita 45 unakula shanga ndogo za namba 11 zipatazo elfu mbili na ushei, na kila ushanga uzi umeupitia mara mbili. Kushona kifungo ni kuurudisha uzi kwenye shanga hizo hizo mara ya tatu, ya nne, pengine ya tano, ukikata kona safu hadi safu ili usichomoke ukivutwa. Tundu la ushanga lenyewe halifiki milimita moja. Sindano nyembamba ya namba 12 inapita kwa kubembelezwa, na nimeshavunja nyingi.

Yule mteja, kabla ya kuja kwetu, alikuwa ameshakibandika kwa supagluu. Hufanya hivyo karibu wote. Gundi ile haikai ulipoiweka. Uzi unainywa, inatambaa, inaziba matundu ya safu tano sita, kisha inakauka kama kioo. Uzi uliokuwa ukipinda na shingo sasa unakatika. Na sindano haipiti tena. Ilibidi nivunje shanga moja moja kwa koleo, huku sindano nene nimeichomeka kwenye tundu ili vipande visiukate uzi niliotaka kuuokoa. Saa tatu zilikwisha hapo. Sentimita mbili za mrija zikaenda na maji, na shanga za zambarau kama zile sina tena, basi nikafuma ncha zote mbili kwa rangi inayokaribiana, ionekane tulikusudia.

Sisemi gundi ni haramu. Mrija wa krosheti ninaumalizia kwa gundi ya epoksi ndani ya kikofia cha chuma, ila baada ya uzi kushonwa na kufungwa, si badala yake.

Mwingine alining'iniza kidani kizito kwenye mrija wa mfupa wa samaki, mshono unaolegea kwa asili yake. Ukarefuka, uzi ukachungulia kati ya shanga, akasema nilimfumia ovyo. Ningeambiwa mapema ningepitisha kamba ngumu ndani.

Kifungo kikianza kucheza, vua mkufu siku hiyo hiyo, uulaze kwenye bahasha pamoja na shanga zilizodondoka, uulete. Usiobandikwa gundi hauniweki hata saa moja, na bei yake haitakununisha.