Mwanangu Faki, kichwa kikiuma sema

Mwanangu Faki,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa usiku na hospitali hataki kwenda, unamjua.

Nimeusikiliza tena ujumbe wako wa sauti. Umeeleza baridi ya Tokyo, umeeleza sensei, mwalimu wako wa judo, alivyokusifu, halafu katikati, mbio mbio, ukasema umeangushwa kwa osotogari, mbinu ile ya kufyekwa mguu ukaanguka chali, ukagonga kisogo, kizunguzungu kidogo, kesho yake ukaendelea na mazoezi. Kesho yake! Nani alikuruhusu?

Binamu yako amenisomea habari za huko. Katika skuli za Japani, watoto zaidi ya 100 walifariki kwa judo baina ya mwaka 1983 na 2011. Wengi wao ni wa mwaka wa kwanza, walioumia kichwani, na osotogari ndiyo inayotajwa sana. Najua utasema wewe si mgeni wa judo. Mgeni anaumia kwa kutojua kuanguka, wewe utaumia kwa kuchoka. Randori, yale mapambano ya mazoezi, ikirefuka kidevu chako kinaachia kifua. Nimekiona kwenye ile video uliyowatumia marafiki kabla ya sisi wazee wako: mkono unapiga mkeka wa tatami sawasawa, lakini macho yanatazama dari badala ya fundo la mkanda. Anayetazama dari kisogo kinatangulia.

Na si lazima kichwa kigonge chini. Kikitikiswa kwa kishindo tu, mishipa ya damu iliyo juu ya ubongo inaweza kukatika. Mtu anainuka, anacheka, anarudi kwenye tatami, na kumbe damu inavuja. Kwa hiyo ukiumia kichwa, sema siku ile ile. Mwambie sensei, nenda kwa daktari, kisha ndiyo utuambie sisi.

Usinambie ni aibu. Ukikabwa shingo unapiga mkono mara mbili, mwenzako anakuachia, na hakuna anayekucheka. Maumivu ya kichwa hakuna ayaonaye ila wewe. Usiposema, watakuangusha tena, nao hawana kosa.

Uchikomi zako, kule kurudiarudia kuingia mbinu bila kumwangusha mtu, lakini zimenifurahisha, nisikufiche. Zamani ulikuwa ukimvuta mtu kwa mabavu. Sasa unamtoa kwanza kwenye mizani yake, unageuka, kiuno chako kinaingia chini ya chake, na nyayo zinateleza bila kuinuka. Nilimwonyesha jirani, akabisha kuwa si wewe. Mkono unaoshika mkono wa koti ndio bado unalegea. Daktari akikuruhusu, anzia hapo hapo: kutembea kwa kuteleza, kugeuza mwili, uchikomi ya peke yako kwa kuvuta utepe wa mpira uliofungwa nguzoni. Kuangushwa kuwe mwisho kabisa.

Najua kangeiko ya Januari, mazoezi ya wakati wa baridi kali, inakuja, na mnaamka gizani, saa kumi na moja na nusu mko kwenye tatami. Najua pia kwamba asiyekosa hata siku moja anapewa cheti, na wewe unakitaka. Mwakani kitakuwepo. Bwana Kano mwenyewe, mwanzilishi wa judo, alipoanza pale hekalu la Eishoji mwaka 1882, aliziweka kando mbinu za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, zilizokuwa zikiwavunja watu, ili wafanye randori kwa nguvu zote na kesho warudi wazima. Wewe unataka kurudi mbovu kwa ajili ya karatasi.

Hata Wajapani wenyewe wameshtuka. Mwaka 2022 shirikisho lao liliyafuta mashindano ya taifa ya watoto wa skuli za msingi, kwa kuwa tamaa ya ushindi ilikuwa imepita kiasi, kwa makocha na kwa wazazi. Binamu yako aliposoma hapo kwenye wazazi akanitazama. Baba yule aliyekuwa akikwambia mwanamme hainuki analia, tumwache. Wewe fuata ninayokwambia sasa.

Pesa uliyotuma tumenunulia mabati ya jikoni, fundi anasema Jumamosi, tutaona. Karafuu za babu yako zimechumwa lakini mvua haitupi nafasi ya kuzianika, na majamvi mawili yameoza. Mdogo wako anaitaka judogi yako ya zamani. Suruali inamfaa, koti linamvaa yeye. Nimpe, au unaihifadhi? Jibu hilo.

Na ukitoka kwa daktari nitumie picha ya karatasi aliyoandika. Karatasi, Faki, si sauti.

Baba yako