Uso Ataupeleka Wapi?

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, ila mvua imetufungia ndani.

Uliponiandikia kwamba umeufuta uso wa yule mzee mfiwa mara nne mpaka karatasi imeanza kutoboka, nilicheka, kisha nikamkumbuka Timanthes. Huyu alikuwa mchoraji wa Ugiriki, yapata miaka 400 kabla ya Kristo. Alimchora Iphigenia kasimama madhabahuni akingoja kuchinjwa. Baba yake mzazi, mfalme Agamemnon, ndiye aliyekubali atolewe sadaka, ili mungu wa kike Artemis aziachie merikebu upepo wa kwenda vitani Troya.

Sasa sikia alivyowapanga. Cicero, yule Mrumi, anaeleza kwamba kuhani Calchas alikuwa na huzuni, Odysseus, mmoja wa wakuu wa vita hivyo, kamzidi, na Menelaus, baba mdogo wa binti, alikuwa akiomboleza. Ilipofika zamu ya baba, Timanthes akamgubika nguo kichwani. Basi. Cicero anasema huzuni ya kiasi kile brashi isingeiweza. Mjerumani Lessing, mwaka 1766, akaja na lake: uso uliopindwa na uchungu ni mbaya kuutazama, mchoraji alikuwa akiulinda uzuri wa picha.

Mimi simo kwa Cicero wala kwa Lessing. Agamemnon si mfiwa tu, Zuhura, ndiye aliyetoa idhini. Uso ataupeleka wapi? Hata katika tamthilia ya Euripides, mjumbe anasimulia kwamba alipomwona bintiye anakuja, aligeuka, akalia, akavuta joho mbele ya macho. Timanthes hakushindwa kuchora kitu hapo.

Picha yake ilipotea zamani. Ila Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, ilikutwa nyingine ya kisa hicho ukutani, na sasa iko makumbusho ya Naples. Binti kabebwa na wanaume wawili, mikono kainyoosha juu. Baba yuko pembeni kushoto, kajigubika. Si kazi ya fundi mkubwa, niseme kweli, lakini kila nikiitazama jicho linarudi kwenye lile joho.

Basi acha kufuta. Mgeuze mzee wako, au mshushie kofia. Mikono ulishaipatia, nimeona anavyoing'ang'ania bakora. Nikija Tanga nitakuletea karatasi nzito, hizo zako ni za kufungia maandazi.

Wako,
Mwanaidi