Barua kwa rafiki anayelitafuta kusudi la maisha yake

Rafiki yangu mpendwa katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, nami sikutaka kuijibu siku ileile, kwa sababu jambo uliloniuliza ni zito na linastahili jibu lililoombewa. Unasema kwamba tangu ajira yako ilipokoma umefunga na kuomba ili Mungu akuonyeshe kusudi la maisha yako, kwamba ulihudhuria semina ya maono ukajaza karatasi zote walizokupa, na kwamba hata sasa hujasikia neno. Unauliza kama kuna dhambi iliyofichika inayolizuia jibu. Sidhani. Nadhani unaomba upewe kitu ambacho Bwana, kwa wema wake, hana desturi ya kumpa mtu kwa namna unayoitaka.

Niruhusu nieleze ninavyoona. Mafundisho mengi tunayoyasikia siku hizi juu ya kusudi humfanya mtu aamini kwamba Mungu ameliandika mahali fulani na kulitia muhuri, na kwamba wajibu wa Mkristo ni kulitafuta mpaka alipate, kisha akalitekeleze. Siwadharau wanaofundisha hivyo, kwa maana wamewaamsha wengi waliokuwa wakiishi bila kufikiri. Lakini angalia matokeo yake: mtu akishalipata hilo kusudi, au akidhani amelipata, haoni tena haja kubwa ya kumwuliza Mungu kila asubuhi, kwa sababu tayari anajua afanye nini, na asipolipata, hujiona kama mtu aliyesahauliwa. Katika hali zote mbili moyo umeliegemea kusudi, na Mungu amebaki kuwa mtu wa kuulizwa tu. Marko anapoeleza jinsi Bwana alivyowachagua mitume, anasema, “Akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri.” Kutumwa kupo, lakini kumetanguliwa na kuwa pamoja naye, na hata walipokwisha kutumwa walirudi kwake wakamweleza yote waliyoyafanya na kuyafundisha. Waliitwa wamfuate bila kuelezwa safari itaishia wapi, nao wakaijua njia kwa kumtazama aliyekuwa mbele yao.

Najua utanijibu kwa Yeremia 29:11, kwa kuwa umeunukuu katika barua yako: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Tafadhali usome tena sura nzima, pamoja na ile inayoitangulia. Hayo nayo ni maneno ya barua, tena barua waliyoandikiwa watu waliokuwa wamepoteza kila kitu: wazee, makuhani, manabii na watu ambao Nebukadreza aliwachukua kutoka Yerusalemu mpaka Babeli. Huko Yerusalemu nabii Hanania alikuwa ametangaza jibu tamu, kwamba katika miaka 2 nira ingevunjwa na vyombo vya hekalu vingerudi. Yeremia anawaambia miaka 70. Fikiri juu ya mtu wa makamo, aliye na umri kama wetu, akisikia hesabu hiyo; alijua mara moja kwamba atazikwa Babeli. Hata hivyo ni yeye aliyeambiwa ajenge nyumba na kukaa ndani yake, apande bustani na kula matunda yake, aoe, aoze watoto wake, na kuuombea amani mji ule wa kigeni. Na aliyesema “nayajua mawazo” ni Bwana mwenyewe. Watu wa uhamishoni walitakiwa waamini kwamba yupo anayeyajua, kisha wapande mboga. Mimi naona faraja kubwa hapo, kubwa kuliko ile tunayoipata tunapoubandika mstari huo ukutani bila miaka yake 70, ingawa nakiri kwamba ni faraja isiyovutia sana katika semina.

Kuna sehemu nyingine ambayo ningependa uitafakari kwa muda mrefu zaidi, nayo ni mazungumzo ya Petro na Bwana kando ya bahari ya Tiberia, katika Yohana 21. Tunaikumbuka sana ile “wanipenda?” iliyorudiwa mara tatu, tukaipita haraka sehemu inayofuata. Petro anaambiwa kwamba atakapokuwa mzee, mwingine atamfunga na kumchukua asikotaka, na mwandishi anatueleza kwamba neno hilo lilionyesha kwa mauti gani atamtukuza Mungu. Basi Petro amepewa hasa kile unachokiomba wewe, yaani kujua mwisho wa maisha yake. Je, kilimtuliza? Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka, akamwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza, “Bwana, na huyu je?” Na jibu alilopata ni kali: “Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi.” Nimeusoma mstari huo mara nyingi wakati ninapowaona wenzetu tuliosoma nao wakipanda vyeo, wengine wakianzisha huduma zinazojulikana, nami nikajikuta nauliza swali la Petro kwa maneno ya heshima kidogo. Katika barua yako wewe pia umewataja wawili watatu. Usiwachukie, wala usijilinganishe nao. Habari zao hukukabidhiwa.

Sasa usidhani kwamba ninakuambia ukae bila mpango. Kumtegemea Mungu na kukaa kivivu ni mambo mawili tofauti, na Paulo, aliyeandika kwamba ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula, alikuwa pia mtu wa mipango mingi. Mithali 16:9 yasema, “Moyo wa mtu huifikiri njia yake, Bali BWANA huziongoza hatua zake.” Kufikiri njia kumehesabiwa humo. Lakini angalia jinsi mipango ya Paulo ilivyoshughulikiwa katika Matendo 16. Alitaka kulihubiri neno katika Asia, jimbo la Kirumi la nyakati hizo, akakatazwa na Roho Mtakatifu. Akajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa. Wakatelemka mpaka Troa, wakiwa wamezuiwa mara mbili na bila maelezo yoyote, na hapo ndipo maono ya yule mtu wa Makedonia yalipokuja usiku. Walipofika Filipi, mtu wa kwanza ambaye Bwana alimfungua moyo wake alikuwa Lidia, mwuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Na Thiatira, ukitazama ramani ya nyakati hizo, ulikuwa mji wa jimbo lilelile la Asia. Baadaye Paulo mwenyewe alikaa Efeso miaka 2 akifundisha, hata wote waliokaa Asia wakalisikia neno la Bwana. Mlango uliofungwa haukuwa umefungwa milele, ila siku ile alipokuwa amesimama mbele yake hakuambiwa hivyo. Kama angekuwa amelishika kusudi lake kwa nguvu kuliko alivyomshika Bwana wake, angebaki mpakani mwa Bithinia akibishana, au angerudi nyumbani akisema kwamba wito ule ulikuwa ndoto tu.

Nadhani jambo linalokuumiza zaidi hukuliandika wazi, nami nitalisema kwa sababu sisi ni marafiki wa muda mrefu. Kwa miaka mingi, mtu alipokuuliza wewe ni nani, ulijibu kwa kuitaja kazi yako, na sasa huna la kujibu. Katekisimu ya Heidelberg, mafundisho ya imani kwa maswali na majibu yaliyotolewa mwaka 1563, huanza kwa kumwuliza mwamini faraja yake ya pekee ni ipi katika kuishi na katika kufa, na jibu lake ni kwamba yeye, mwili na roho, si mali yake mwenyewe, bali ni mali ya Mwokozi wake Yesu Kristo. Hakuna cheo katika jibu hilo, wala huduma, wala mafanikio. Mtoto mchanga anaweza kulimiliki, na mgonjwa asiyeinuka kitandani pia. Mwezi Agosti mwaka 1755, mjini London, John Wesley aliwaongoza watu wake katika ibada ya agano, na katika sala ya agano ambayo Wamethodisti wameirithi kutokana na desturi hiyo, mwamini humwomba Mungu amtumie au amweke kando, vyote viwili kwa ajili yake Mungu. Nilipoikuta sala hiyo mara ya kwanza nilishindwa kuisema yote. Kutumiwa nilikubali upesi, maana kuna heshima ndani yake. Kuwekwa kando kwa ajili yake ndiko kulikonifanya ninyamaze. Lakini kama tumekwisha kusema kwamba sisi si mali yetu wenyewe, basi hata miezi hii ambayo simu yako hailii ni miezi yake, naye anaweza kukaa nawe ndani yake bila haraka.

Ndiyo maana nimeshangazwa na jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja tu: kwamba mchungaji amekuomba ufundishe darasa la ubatizo, nawe umemwomba asubiri mpaka ujue kama huko ndiko Mungu anakokuitia. Ndugu yangu, una afya, una muda, unayajua Maandiko, kuna watu wanaotaka kujifunza, na kiongozi uliyewekewa amekuomba. Unasubiri sauti ya namna gani? Paulo anawaandikia Waefeso, “Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo.” Ametaja matendo, tena mengi, na ametaja kuenenda, ambako hufanywa hatua kwa hatua. Inawezekana kabisa kwamba darasa hilo silo wito wa maisha yako yote. Huenda ukalifundisha kwa muhula mmoja kisha likapewa mwingine. Hilo halipunguzi uzito wake kwa wale watakaokuwa mbele yako. Tena utakuwa ukifundisha watu kumfuata Kristo huku wewe mwenyewe hujui mwaka ujao utakuwa wapi, na sioni kasoro hapo. Nadhani wanafunzi wako watakuelewa vizuri zaidi kuliko wangemwelewa mwalimu ambaye mambo yake yote yamenyooka.

Kuhusu ukavu unaousikia unapoomba, sina dawa ya haraka. Wana wa Israeli walipewa mana ya siku moja, na iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu na kunuka, isipokuwa ile ya kuikaribisha sabato. Walilishwa hivyo kwa muda wa miaka 40. Naamini Mungu aliyewalisha kwa kipimo cha siku hajabadili utaratibu wake kwetu, na kwamba anapotunyima akiba ya mwaka mzima anatulazimisha kwa upendo turudi kwake kesho. Kwa hiyo punguza ukubwa wa maombi yako kwa kitambo. Badala ya kuomba kila siku uonyeshwe maisha yako yote, omba uonyeshwe jambo moja la kutii leo, na jioni umshukuru kwa hilo hata kama lilikuwa dogo kiasi cha kuona aibu kulitaja. Endelea kusoma Zaburi, hasa zile za watu wanaolalamika, kwa sababu zitakufundisha kumlalamikia Mungu pasipo kumwacha. Usikose ibada, hata siku ambazo huna hamu ya kuonana na watu wanaokuuliza kama umepata kazi. Na endelea kupeleka maombi yako ya ajira kila mahali panapofaa, ukisema kama Yakobo alivyotufundisha, “Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.” Zile karatasi za semina usizitupe, ziweke tu mahali ambapo hutaziona kwa miezi michache.

Mimi nimeanza kusoma Yohana sura ya 13 mpaka ya 17, mazungumzo ya Bwana na wanafunzi wake katika usiku ule wa mwisho, nami ningefurahi kama tungesoma pamoja, kila mmoja mahali alipo, sehemu moja kila juma, kisha tuandikiane. Utaona kwamba usiku ule wanafunzi waliuliza maswali yanayofanana sana na yako. Tomaso alisema wazi kwamba hawajui aendako Bwana, nao wataijuaje njia? Tukifika katika sura ya 15, penye mzabibu na matawi, ningependa unieleze unavyolielewa lile neno “kaeni ndani yangu”, kwa sababu kuna jambo kuhusu kupogolewa ambalo bado linanisumbua na sijapata mtu wa kujadiliana naye. Unijibu pia umemwambia nini mchungaji wako. Wasalimu wote wa nyumbani mwako, na uwaambie nawataja katika maombi yangu.

Ni mimi nduguyo na rafiki yako katika Bwana.