Protini kwanza, Zuhura

Mwanza,
14 Juni 2024

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako nimeipata Jumanne. Umeuliza, ili upungue uzito, uhesabu kalori tu, au ufuate makro, yaani mgawanyo wa wanga, mafuta na protini, kama mwalimu wako wa mazoezi anavyotaka, wanga asilimia kadhaa, mafuta asilimia kadhaa. Sitaki upite nilikopita mimi.

Mwaka jana nilihesabu kalori peke yake, 1,200 kwa siku, sikuzidisha. Asubuhi chai na maandazi mawili, mchana sili, usiku wali kidogo na mchicha. Miezi minne, kilo tisa zikatoka, watu wakanisifu. Lakini ndoo ya maji niliyozoea kuipandisha ghorofa ya tatu kwa mkupuo mmoja, nikawa naitua kila ghorofa. Mikono imenyauka, tumbo lipo palepale. Afisa lishe mmoja alipoona orodha ya nilivyokuwa nakula akaniambia misuli nayo imeondoka pamoja na mafuta, maana protini ilikuwa haipo.

Basi wewe shika hesabu mbili tu, kalori na protini. Kalori ndizo zinazoamua kama mwili utagusa akiba yake ya mafuta. Protini, ukiiweka pamoja na yale mazoezi yako ya vyuma, ndiyo inayolinda misuli, tena inashibisha. Kwa kilo zako 78, lenga gramu 95 hadi 125 kwa siku. Wanga na mafuta gawanya upendavyo. Mwaka 2009 Marekani walitoa matokeo ya watu 811 waliofuatwa miaka miwili kwa milo minne yenye mgawanyo tofauti, na walipungua karibu sawa. Mama yako na kisukari chake ni habari nyingine. Yeye wanga lazima auangalie, na daktari wake ajue.

Najua utasema chakula cha kwenu ni sufuria moja, utapimaje? Anza na mafuta ya kupikia, ndipo kalori zinapojificha. Gramu ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9; kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120. Sasa kumbuka tunavyomimina mchuzini kutoka kwenye dumu! Pima kwa kijiko kabla hayajaingia sufuriani, andika, kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Haitakuwa sahihi kabisa, lakini ukifanya hivyo kila siku utaona mwelekeo. Tui zito nalo lipime.

Protini haihitaji unga wa kopo unaouzwa bei ya mbuzi. Mayai mawili ni gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15, ingawa hayo yana wanga pia. Kipande cha sato kilichoiva cha gramu 100 kinakaribia 26. Anza sahani na hivyo, ugali ufuate.

Mzani panda mara moja kwa wiki, asubuhi, na pima kiuno kwa utepe. Kiuno kikipungua na vyuma bado unaviinua, endelea hivyo hivyo.

Dagaa nimewafunga kilo mbili, watakuja na basi la Ijumaa. Waoshe kwa maji ya moto, kitunguu, nyanya nyingi, ndimu, na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima.

Nakupenda sana. Msalimie mama.

Wako,
Neema